Kuovateki kunaanza kona ya nyuma

Jumatatu asubuhi kazi hapa gereji haianzi mpaka muuza kahawa apite na birika lake. Mimi ni fundi breki, Mtwara mjini, na nakiri kwamba wakati wa msimu wa mbio za magari za Formula 1 nusu saa ya kwanza ya wiki huwa haiingizi hata shilingi. Watu wamelala na ubishi wa Jumapili, wanaamka nao, wanauleta kwangu.

Ubishi mkubwa kuliko wote niliowahi kuamua ni wa Novemba 4, 2024. Jana yake Max Verstappen, dereva wa Red Bull, alikuwa ameshinda mbio za Interlagos, São Paulo, Brazil, kwenye mvua, akianza nafasi ya 17. Mbio zilisogezwa mapema kwa ajili ya hali ya hewa, kwa hiyo kwetu zilipangwa kuanza saa kumi na mbili na nusu jioni, na kwa jinsi zilivyosimama simama tukatoka kwenye kibanda umiza usiku umeshaingia. Novemba ni msimu wa korosho. Malori ni mengi, breki zinakwisha, na asubuhi ile nilikuwa na madereva watano wanaonisubiri, kila mmoja ana kikombe mkononi na hukumu mdomoni.

“Fundi, yule kabahatika tu,” akaanza suka mmoja wa lori la saruji. “Bendera nyekundu ndiyo iliyompa. Hata mimi ningeshinda.”

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniudhi. Breki zake zilikuwa zimelazwa pale chini, nimezifungua mwenyewe, na najua anavyoendesha.

Nikaomba vikombe vilivyokwisha nyweka. Nikachora kwa chaki sakafuni kipande cha mwisho cha Interlagos, kile watu wanachokiona kwenye televisheni bila kukitazama. Njia nzima ina kilomita 4.309 na magari yanazunguka kinyume cha saa. Karibu na mwisho kuna kona ya kushoto inaitwa Junção. Ukitoka hapo unapandisha, mguu chini muda wote, unapita mstari wa kumalizia, halafu ghafla unatumbukia kona ya kwanza, S ya Senna, kushoto tena na mteremko. Watu wote wanapiga kelele pale kona ya kwanza, kwa sababu ndipo gari moja linapochungulia ubavuni mwa jingine. Nikaweka kikombe chenye ufa nyuma ya kizima, pale Junção.

“Hapa,” nikasema. “Ameshampita hapa.”

Aliyetoka Junção akiwa na kasi kidogo tu kumzidi wa mbele, ile kasi anaibeba kilima kizima, na kila mita inamsogeza. Akifika juu, wa mbele hana tena la kufanya ila kuchagua upande wa kupitwa. Madereva wa malori hawakuhitaji maelezo zaidi. Kila anayepandisha Newala na mzigo anajua kwamba ukikosea giya pale chini mlima unapoanza, huko katikati hutaipata, utapanda kinyonge mpaka juu huku daladala zinakupita zikipiga honi. Utingo mmoja akacheka akamtazama bosi wake.

Siku hiyo Verstappen alikuwa akifanya hivyo mara kwa mara, na kwenye maji. Hapo kuna jambo la pili ambalo kamera haisemi. Njia ya mbio ikiwa kavu, matairi huacha mpira kwenye mstari ule ule wanaopita wote, na mstari huo ndio unaoshika kuliko kwingine. Mvua ikinyesha mambo yanageuka, mpira ule unakuwa kama sabuni. Dereva mwenye akili anauacha mstari anaoujua, anaanza kupapasa pembeni kutafuta lami iliyobaki na ukwaruzo: nje zaidi kwenye kona, au ndani zaidi, popote. Anatafuta huku magari mengine yanamrushia maji usoni. Tunalifahamu hilo hapa kwa mvua ya kwanza. Barabara ya kwenda Lindi imekaa miezi inakusanya vumbi na mafuta yanayovuja kwenye injini mbovu, halafu matone ya kwanza yakidondoka, pale penye alama nyeusi za matairi ndipo penye utelezi. Siku tatu za mvua zikishaosha, panakuwa salama kuliko siku ile ya kwanza.

Sasa bendera nyekundu. Suka alikuwa na hoja, sikumnyima. Mvua ilipozidi, George Russell na Lando Norris waliokuwa mbele waliingia kubadilisha matairi. Esteban Ocon, Verstappen na Pierre Gasly wakabaki njiani, wakawa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Muda mfupi baadaye Franco Colapinto akagonga ukuta wakati wote wanafuata gari la usalama, lile linalowaongoza polepole kukiwa na hatari, mbio zikasimamishwa, na sheria inaruhusu kubadilisha matairi mbio zikiwa zimesimama. Wale watatu wakapata matairi mapya bure. Ni bahati, tena nono.

Lakini Ocon alipata bahati ile ile, tena yeye ndiye aliyekuwa mbele. Alianza wa 4, Verstappen wa 17. Mbio ziliporudi baada ya ajali nyingine, mzunguko wa 43, Verstappen akampita kona ya kwanza, na mwisho akamwacha kwa zaidi ya sekunde 19. Bahati ilimfikisha wa pili. Hizo sekunde 19 nani alimpa? Tena kabla mvua haijamgawia mtu chochote alikuwa ameshatoka 17 mpaka sita bora kwa mikono yake.

Suka akanyamaza kidogo, akaomba kashata.

Mwalimu mmoja, jirani yetu, ambaye huja kunywa kahawa na kusahihisha Kiswahili chetu, akasema basi tuhesabu: aliyepita magari mengi zaidi ndiye bora, kwisha. Hapana, mwalimu. Rekodi ya kushinda kutoka nyuma kabisa anayo John Watson, Long Beach mwaka 1983, alianza wa 22. Ajabu kweli. Ila tazama nani alimaliza wa pili: Niki Lauda, timu moja naye, McLaren, aliyeanza wa 23. Magari mawili ya timu moja yakitoka mkiani yakafika kileleni pamoja, ujue siku ya kufuzu, ile ya kupanga nafasi za kuanzia, ndiyo iliyokuwa na kasoro. Matairi yao hayakushika siku ile, yakashika siku ya mbio. Simvunjii Watson heshima, alipita watu kweli. Nasema tu kwamba idadi ya uliowapita inategemea pia ulikuwa unafanya nini huko nyuma na gari hilo.

Mimi kipimo changu ni mwenzako wa timu. Gari lile lile, mafundi wale wale. Interlagos ile, Sergio Pérez, mwenzake Verstappen pale Red Bull, alimaliza wa 11. Na nikitakiwa kutoa zawadi ya pili, naipeleka kwa timu ya Alpine: Ocon wa pili, Gasly wa tatu, pointi 33 kwa siku moja, kwa timu iliyokuwa imehangaika mwaka mzima. Gari lile halikuwa la nafasi hizo. Watu waliwasahau kwa sababu hawakumpita mtu kwa mbwembwe. Walikaa tu njiani wakati wengine wanateleza, na kukaa njiani siku ile ilikuwa kazi.

Niruhusuni nije kwenye mkate wangu. Ukiona dereva anachelewa kupiga breki kwenye maji, unachokiona ni ujasiri. Mimi naona joto. Diski zao ni za kaboni. Zikifanya kazi sawasawa hufika hata nyuzi 1,000 za Selsiasi, unaziona zinawaka nyekundu, na hapo ndipo zinaposhika. Zikipoa hazina habari na wewe. Kwenye mvua dereva habani sana kwa sababu tairi litafunga na kuteleza, na asipobana sana diski zinapoa, na zikipoa hajui akikanyaga safari ijayo zitashika lini. Kwa hiyo anazipasha polepole, anahamisha nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma kwa swichi ya kwenye usukani, na bado lazima abishe hodi kwa jirani. Anayechomeka gari kona ya kwanza katika hali hiyo na likasimama pale alipotaka amefanya jambo ambalo mimi fundi naliona kubwa kuliko kasi yenyewe.

Sisi shida yetu ni kinyume, breki zetu zinakufa kwa moto. Miaka kadhaa nyuma nilikabidhiwa pikapu niitoe Newala kuiteremsha kuelekea Masasi. Nilikuwa na haraka, sikufungua kikopo cha mafuta ya breki kuangalia. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani, na sisi watu wa pwani unyevu tunao wa kugawa. DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishalewa maji kiwango kinashuka mpaka 155. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya pedi, ile harufu kali inayokaa kooni. Nikakanyaga, pedeli ikazama kama embe lililoiva kupita kiasi. Mafuta yalikuwa yamechemka, ndani ya bomba kuna mvuke, na mvuke ukiubana unabanika tu, hausukumi kitu. Nikashusha giya mpaka injini ikalia, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, nikaipeleka mchangani pembeni. Nilikaa kwenye kivuli cha mkorosho karibu saa nzima. Pedeli ilirudi yenyewe ilipopoa, ikawa ngumu kama haijafanya lolote. Tangu siku hiyo mteja akiniambia “fundi, breki zilipotea halafu zikarudi” simwambii anaota.

Narudi kwenye ubishi. Kuhusu kuovateki bora, swali lililoletwa na kijana wa kuziba pancha, kila mtu ana yake, na mimi nina masharti. Zile za DRS nilikuwa nazihesabu nusu. Kuanzia 2011 hadi 2025 gari lililokuwa ndani ya sekunde moja nyuma ya jingine liliruhusiwa kufungua bawa la nyuma sehemu maalumu, upepo ukapungua kulizuia, likapita. Wengi walipitwa kwenye mnyoofu kama wamesimama kituoni. Haikuwa kosa la madereva, ila sitamsimulia mjukuu.

Nitakayomsimulia ni ya Spa, Ubelgiji, Agosti 27, 2000. Mika Häkkinen yuko nyuma ya Michael Schumacher, njia inakauka, na Schumacher, ambaye gari lake lilipangwa kwa ajili ya mvua, anapita makusudi kwenye sehemu zenye maji apooze matairi. Mzunguko wa 40 Häkkinen anajaribu kulia kwenye mnyoofu wa Kemmel, Schumacher anamfungia mlango kwa kasi iliyozidi kilomita 300 kwa saa. Mtu wa kawaida angetulia kidogo. Yeye akarudi mzunguko uliofuata, akatoka kona ya kupandisha ya Raidillon akiwa amembana, na mbele yao wakamkuta Ricardo Zonta, anayekaribia kupitwa mzunguko mzima, amekaa katikati ya njia. Schumacher akaenda kushoto. Häkkinen akaenda kulia, magari matatu sambamba, na Zonta akanyoosha bila kuyumba. Kona inayofuata, Les Combes, ni ya kulia. Upande wa ndani ulikuwa wa Häkkinen.

Watu husema Zonta alimsaidia. Tazama tena mkanda. Kama Häkkinen asingetoka Raidillon na kasi ile, Zonta angekuwa kizuizi kwake pia. Baada ya mbio Häkkinen alionekana akimweleza Schumacher kwa mikono jinsi alivyofungiwa ule mzunguko wa kabla, bila kupayuka, kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda sokoni.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye tairi bovu akatuuliza kwa nini tunabishana kuhusu watu wanaozunguka sehemu moja. Yeye ni wa Safari Rally, ile iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na bingwa wake ni Shekhar Mehta, mara tano. “Mehta alikuwa anashindana na saa na tope,” akasema. “Unampita mtu ambaye humuoni.” Shikamoo mzee, nikasema, na hapo sikuwa na kikombe cha kumjibu.

Lori la saruji likatoka saa tano, breki zimebana vizuri. Jioni simu ikalia, suka yuko Masasi.

“Fundi, nimefikiria njia nzima. Yule Ocon angekuwa na gari la Red Bull je?”

Nikamwambia kwanza aniambie zile breki zimeshikaje mteremkoni.