Mbona mapenzi ya waliookoka hupelekwa mji wa mwisho wa barabara?

Mie kazi yangu ni kuhariri hadithi za mapenzi za Kikristo, na kwa vile hapa Mombasa tunaofanya kazi hii ni wa kuhesabika, miswada mingi huniangukia mimi, mingine kwa imeili, mingine kwa wasapu vipande vipande, sura ya tatu imefika kabla ya ya pili. Basi kuna aina moja hiyo naletewa kila mara: binti katoka jiji kubwa, kavunjwa moyo na mchumba wake, kashuka basi kwenye kimji kidogo huko milimani na theluji inaanguka. Theluji! Na aliyeandika anakaa Bombolulu, feni imezima, stima zimepotea tangu asubuhi.

Simcheki. Sote tulilelewa na vile vitabu vya mitumba vyenye picha ya kanisa dogo la mbao kwenye jalada. Ila nataka tuelewane kitu kimoja, kwamba kwenye vile vitabu theluji haikuwekwa ili pawe pazuri. Theluji iko kazini, na ukishaijua kazi yake unaweza kuifanya na tope la Kinango na hadithi ikasimama vizuri tu.

Iko hivi. Hadithi ya mapenzi inaishi kwa kizuizi. Wakipendana leo na wakaoana kesho hakuna kitabu hapo, kuna kadi ya mwaliko. Sasa waandishi wa mapenzi ya kawaida wana vyombo vingi, wanaweza kuwalaza hao wawili kitanda kimoja sura ya tano halafu wakawagombanisha sura ya sita. Sisi hicho chombo hatuna. Wachapishaji wa Kikristo hawataki kitanda kabla ya ndoa, hawataki matusi, wengine hata glasi ya mvinyo hawataki kuiona mezani. Harlequin, wale wachapishaji wa Kanada wa riwaya za mapenzi, walipoanzisha mfululizo wao wa Love Inspired mwaka 1997 masharti yalikuwa ya namna hiyo hiyo, na hata hivyo watu walivinunua. Kwa nini? Kwa sababu kinachomfanya msomaji asilale ni ukaribu usio na kugusana, na ukaribu wa aina hiyo una mahitaji yake, lazima uwafungie watu wawili mahali ambapo hakuna anayeweza kuondoka na hakuna anayeweza kujificha. Mji mkubwa haukupi hayo. Mtu wa Mvita akigombana na mtu anapanda feri kwenda Likoni kwa shangazi yake, hadithi imekwisha.

Angalia Janette Oke, yule mama wa Kanada, na kitabu chake Love Comes Softly cha 1979, ambacho wengi husema ndo kilifungua mlango wa biashara hii kama tunavyoijua leo. Binti kafiwa na mumewe safarini kuelekea magharibi, ana mimba, hana kwao pa kurudi. Siku ile ile ya maziko anatokea mjane wa kiume mwenye mtoto mdogo anamwambia tuoane, wewe upate paa mie nipate wa kumlea mwanangu, na msafara wa magari ya farasi ukianza kurudi mashariki baridi ikiisha, kama bado unataka kuondoka nitakulipia nauli. Na lazima iwe leo, kwa sababu mhubiri yuko hapa leo na akiondoka harudi mpaka baridi ipite. Ebu tazama alivyokaza kamba huyu mama. Uhaba wa mhubiri umewalazimisha waoane wageni kabisa kwa kila mmoja, halafu baridi imewafungia nyumba moja miezi na miezi wakiwa mume na mke wa karatasi. Hakuna dhambi iliyofanyika, hakuna kashfa, lakini kila mara akimpokea ndoo ya maji msomaji moyo unampaa. Ukiondoa umbali na baridi kitabu chote kinaanguka.

Na halikuwa jambo la kubuni tu. Marekani mwaka 1862 walipitisha sheria ya kugawa ardhi ya serikali, ekari 160 kwa mtu atakayekaa pale miaka mitano na kuilima, na mjane au mwanamke asiye na mume naye aliruhusiwa kuomba. Kwa hiyo kweli kulikuwa na watu waliokaa mbali na jirani, kweli ndoa ilikuwa ni mkono wa pili wa kazi kabla haijawa mahaba. Waandishi wa hizi riwaya wameishi kwa hiyo sheria mpaka leo, japo wengi wao sidhani kama huifikiria.

Baada ya ndoa ya lazima, mlango wa pili wa kumfungia mtu huko mbali ni ualimu. Catherine Marshall, mwandishi Mmarekani, alitoa riwaya yake Christy mwaka 1967, binti wa miaka 19 anaenda kufundisha shule ya misheni huko milima ya Tennessee mwaka 1912, na aliitoa kwenye maisha ya mama yake mwenyewe. Huko kuna mhubiri na kuna daktari, na bila shaka mmesharuka mbele kujiuliza atamchagua nani. Tuzo kubwa ya riwaya za Kikristo huko Marekani, Christy Award, imepewa jina la kitabu hicho. Oke naye akarudia mlango huo huo 1983 na When Calls the Heart, mwalimu kutoka jijini na askari polisi wa Kanada wapandao farasi, ile ambayo tangu 2014 ni tamthilia ya televisheni ya Hallmark na najua kina dada kadhaa wa ushirika wetu wasiopokea simu ikiwa inaendelea. Mwalimu anafaa kwa sababu ana haki ya kuwa pale, kila nyumba itamfungulia, na kila jicho litamtazama. Mgeni anayetazamwa. Hapo nusu ya kazi umeshafanya.

Sasa niambieni, hapa Pwani hatuna hilo? TSC, ile tume ya kuajiri walimu, inampeleka binti wa Changamwe shule ya ndani ndani huko Samburu ya Kwale au nyuma ya Garsen, nyumba ya mwalimu ina chumba kimoja na popo, gari la matatu ni moja, linatoka alfajiri na likijaza limejaza. Masika yakipiga barabara inakatika na hakuna wa kukuokoa. Wenye kumbukumbu ya El Nino ya 1997 hawahitaji maelezo, na hata juzi juzi, Novemba 2023, daraja la Mbogolo lilipokwenda na maji, Malindi na Mombasa, miji mikubwa hiyo, zilikatana. Kama mvua inaweza kutenganisha Malindi na Mombasa basi inaweza kabisa kumkwamisha nesi wa dispensari na fundi wa pampu kwa majuma matatu, wakigawana mtungi mmoja wa gesi na Biblia moja.

Ila kuna jambo moja msilifiche, simu. Kwenye riwaya za zamani barua ilichukua miezi, siri ikakaa. Leo mchumba wa zamani anatuma wasapu saa hiyo hiyo. Nawaona waandishi wanavyoiua simu kwa ujanja wa kitoto, imeanguka mtoni, chaji imekwisha sura kumi mfululizo. Msifanye hivyo. Acheni netiweki ipatikane mahali pamoja tu, kwenye kichuguu nyuma ya kanisa, halafu kila anayepiga simu asikike na mama muuza mahamri. Simu ikiwa hadharani inatesa zaidi ya simu iliyokufa.

Na kuna kifaa chetu ambacho sijui kwa nini hakitumiki, matangazo ya ndoa. Mtu wa ACK, yaani Anglikana, au Katoliki anajua, Jumapili tatu pasta au padri anasimama anayataja majina mawili, anauliza kama kuna mwenye pingamizi. Jumapili tatu! Kwenye mji ambao kila mtu anamjua mama yako. Mwandishi wa Texas angelipa pesa apate kitu kama hicho, sisi tunakipitia kwa sentensi moja tukikimbilia keki.

Pale ninapokaza kalamu nyekundu kweli kweli ni sura ya kuokoka. Kanuni ya aina hii inajulikana, Wakorintho wa Pili 6:14, msifungiwe nira pamoja na wasioamini. Kwa hiyo akitokea kijana asiyeamini, waandishi wengi humwokoa sura moja kabla ya harusi, machozi mawili, mvua inanyesha, amina. Huko kwenye vimji vya Montana ambapo wote wana babu mmoja Mbaptisti huenda ikapita. Hapa haipiti. Hapa mtu amekua na majirani Waislamu, amekula pilau ya Idi kwao, ana binamu aliyebadili dini ili aoe na ameona yaliyofuata, nyumba mbili ambazo hazisalimiani. Msomaji wa Kisauni anajua kubadili imani kuna bei, na nani huilipa. Ukimwokoa kijana kwa ajili ya binti, atauliza, na binti akikataa je, ataendelea kuokoka? Mie huwaambia waandishi watenganishe mambo hayo mawili, imani yake ije binti akiwa hayupo hata kwenye chumba, ikiwezekana akiwa ameshamkataa. Na kama hawezi kuokoka kwa haki basi wasioane, iandikwe hivyo, ingawa mchapishaji atanuna maana huko wanataka mwisho wa furaha bila mjadala.

Huwa nawakumbusha kwamba mapenzi ya Kikristo ya mahali pa mbali Mombasa tunayo tangu 1844, mmisionari Mjerumani Krapf alipofika hapa na mkewe Rosina, na mwaka ule ule akamzika yeye na kichanga chao, upande wa Nyali. Yeye akaendelea, akafungua misheni Rabai pamoja na mmisionari mwenzake Rebmann aliyefika 1846. Yale hayakuwa na epilogi, ile sura ya nyongeza ya mwisho, ya mtoto wa pili na bustani.

Kwa hiyo mwezi huu mkiniletea miswada naomba yafuatayo. Mji uwe na barabara moja na mjue nani anaikarabati. Kanisa liwe na mtu ambaye hampendi mwenzake na wanaimba sauti moja kwenye kwaya. Mahari ijadiliwe na wazee wenye majina, ikwame kwa sababu ya kueleweka, na binti awe anasikiliza nyuma ya ukuta wa makuti. Na tafadhali msinitumie sura ya tatu kabla ya ya pili.