Kuhasi si kufunga kizazi

Kuhasi ni kuondoa au kuua tezi za uzazi za mnyama, yaani korodani za dume au ovari za jike, ili mwili wake usitoe tena mbegu wala mayai, na usitoe tena homoni zinazotengenezwa na tezi hizo. Kufunga kizazi ni kuziba njia tu: mirija hufungwa au hukatwa ili mbegu na yai visikutane, na tezi zenyewe hubaki mahali pake zikifanya kazi kama kawaida. Fasili hizo zinatosha. Naziandika kwa sababu nimemsikia mtu wa tatu mwaka huu akisema kwamba anataka kumfunga kizazi panya wake anayesumbuliwa na kifua, na kwa wote watatu neno hilo lilikuwa limekwisha kuwaamulia kabla hawajafika kwa daktari.

Wa karibuni ni binti wa dada yangu, anayeishi Leicester, Uingereza, na kufuga panya wawili majike wa tumbo moja, wenye umri wa miezi mitano. Hawa ni panya wa kufugwa nyumbani, uzao wa panya wa kahawia ambaye wanasayansi humwita Rattus norvegicus, wala si panya buku wa Morogoro wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Baada ya shikamoo aliniambia: "Mjomba, nimeamua niwafunge kizazi wote wawili wasije wakaota uvimbe. Wanakorota kidogo kifuani, lakini kufunga ni jambo dogo." Maneno hayo machache yalibeba makosa mawili. Kufunga hakuzuii uvimbe, na alichokuwa anakitaka hasa, yaani kuhasi, si jambo dogo kwa mnyama mwenye mapafu yenye kasoro.

Sikumlaumu, kwa maana Kiswahili chenyewe kimemwachia pengo. Kitenzi hasi kimetoka katika Kiarabu, ambamo asili yake ni kuondoa mapumbu, na neno maksai, yaani ng'ombe dume aliyehasiwa ili avute plau au anenepe, ni la ukoo huohuo. Tunalo neno ndafu, mbuzi dume aliyehasiwa akanona, kabla jina hilo halijahamia kwa mbuzi mzima wa kuchomwa anayeingizwa ukumbini siku ya harusi. Tunalo towashi, ambalo wasomaji wa Biblia wanalikumbuka kutoka Matendo ya Mitume sura ya 8. Majina hayo yote ni ya dume. Jike tumempa majina kwa kuangalia kama amezaa au hajazaa: mtamba ni ng'ombe ambaye bado hajazaa, na tasa ni yule asiyezaa kabisa. Jike aliyetolewa ovari hatukumpa jina, kwa sababu mfugaji wetu hakuwa na haja ya kumpasua ng'ombe wa maziwa wala mbuzi wa kuzalisha. Ndiyo maana mtu anayetaka kusema habari ya kumhasi jike huhisi ulimi unakwama, akaazima maneno ya kliniki ya uzazi wa mpango, ambako kufunga kizazi kunajulikana na kila mtu.

Kuazima huko ndiko kunakoniudhi, kwa sababu maneno hayo mawili yana makusudi tofauti kabisa. Mama aliyefungwa kizazi akiwa na miaka 35 huendelea kuona siku zake mpaka ukomo wa hedhi, maana ovari zake hazikuguswa, na wauguzi hutumia muda mwingi kuwahakikishia wanawake kwamba mwili utabaki ulivyo. Hiyo ndiyo sifa ya kufunga: kinachozuiwa ni mimba, na mengine yote yanaachwa. Sasa mtazame maksai. Bwana mifugo anapobana mishipa ya korodani kwa koleo la burdizo, ngozi haipasuki na hakuna kiungo kinachotolewa, lakini korodani hukosa damu, zikasinyaa na kufa, na fahali aliyekuwa akipigana na kuvunja ua anakuwa mnyama mtulivu anayekubali nira. Fahali huyohuyo angekatwa mirija tu asingezalisha ndama, lakini angeendelea kupigana na kupanda majike, kwa kuwa homoni zake zingekuwa palepale. Kwa hiyo kiini cha kuhasi ni kuinyamazisha tezi. Kukosa kuzaa ni matokeo yanayofuata. Tukishika maana hiyo, kitenzi hasi kinamfaa jike bila shida yoyote, hata kama asili yake ilikuwa mapumbu.

Kuna na neno la tatu, kutoa kizazi, ambalo huongeza mkanganyiko. Kizazi hapo ni mji wa mimba, na mwanamke anaweza kutolewa mji wa mimba ovari zake zikaachwa. Panya akifanyiwa hivyo hatazaa, lakini kwa habari ya uvimbe atakuwa kama hakuguswa.

Panya ndiye mnyama ambaye tofauti hii inamgusa kwa uzito wa pekee. Panya jike anaweza kushika mimba akiwa bado hajatimiza miezi miwili, hubeba mimba kwa siku 21 hadi 23, na anaweza kupandwa tena ndani ya siku moja baada ya kuzaa, kwa hiyo hofu ya kuzaliana ni hofu ya kweli. Lakini hofu hiyo huondolewa kwa kuwatenga madume katika kizimba chao, au kwa kumhasi dume, ambaye upasuaji wake ni mfupi na haufiki ndani kabisa ya tumbo. Majike wawili wanaoishi peke yao hawana mtu wa kuwapa mimba. Kama kumzuia panya asizae ndilo lengo, basi kwa mnyama mwenye kifua kibovu jibu ni rahisi: asipasuliwe.

Sababu ya maana ya kumhasi panya jike ni homoni za ovari. Panya ana jozi sita za matiti, na nyama ya matiti yake imeenea kutoka shingoni mpaka kinenani, ikipanda hata ubavuni na nyuma ya bega, ndiyo maana uvimbe wa titi huweza kuota kwapani au karibu na mkia, mahali ambapo mwenye kufuga hakutarajia. Uvimbe mwingi wa aina hii si saratani, lakini hukua upesi na unaweza kuzidi ukubwa wa yai la kuku kwa mnyama mwenye uzito wa gramu 300, mpaka akashindwa kutembea. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulilinganisha panya wa maabara waliotolewa ovari wakiwa na siku 90 na wenzao walioachwa nazo: uvimbe wa matiti ulionekana kwa asilimia 4 ya waliohasiwa na karibu nusu ya wasiohasiwa, na uvimbe wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ulipungua vilevile kwa kiasi kikubwa. Faida hiyo inatokana na kuondoa ovari mapema. Daktari anayehasi panya kwa kusudi hilo hupendelea afanye hivyo mnyama akiwa na miezi mitatu hadi sita; baada ya mwaka mmoja, matiti yamekwisha kuogeshwa homoni kwa muda mrefu na faida inapungua.

Upande wa pili wa mizani ni kifua. Karibu kila panya wa kufugwa hubeba bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis, ambaye humpata kutoka kwa mama yake au kwa kuvuta hewa moja na wenzake. Dawa kama doksisaiklini na enrofloksasini humtuliza, wala hazimmalizi. Amoksilini haimwezi kabisa, kwa kuwa hana ukuta wa seli ambao dawa hiyo huushambulia, ingawa husaidia dhidi ya bakteria wengine wanaoingia baada yake. Mnyama hupiga chafya, hutoka majimaji mekundu puani na machoni ambayo wengi hudhani ni damu kumbe ni rangi ya porfirini, na ukimwinua ukaweka sikio lako ubavuni mwake unasikia mchakacho, kama karatasi kavu inayokunjwa taratibu. Panya hupumua kwa pua tu, kwa hiyo hata pua kuziba si jambo la kupuuzwa.

Mnyama huyo ndiye atakayewekwa kwenye nusukaputi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika kliniki za wanyama za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 uliona kwamba takriban panya 2 kati ya 100 waliolazwa kwa nusukaputi au dawa ya kutuliza walikufa kwa sababu zinazohusiana nayo, wakati kwa mbwa walikuwa chini ya 2 kati ya 1,000. Panya hupoteza joto upesi kwa sababu ya udogo wa mwili, ni vigumu kumwingiza mpira wa hewa kooni, na mapafu yaliyojaa makovu na usaha hayana akiba ya kumsaidia pumzi inapopungua. Daktari makini humpiga eksirei ya kifua kwanza, humpa antibayotiki kwa muda kabla ya siku ya upasuaji, humvutisha oksijeni kabla ya gesi ya usingizi, humlaza juu ya kitu chenye joto, na hamnyimi chakula usiku kucha, kwa kuwa panya hawezi kutapika na sukari yake hushuka haraka.

Jambo moja zaidi husahauliwa na wanaodhani kifua na kizazi ni habari mbili zisizokutana. Mycoplasma huyohuyo hukaa pia katika njia ya uzazi ya panya jike, akasababisha uvimbeuchungu wa mji wa mimba na wakati mwingine usaha ndani yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni kama atatoa ovari peke yake, mbili ndogo zenye umbo la forosadi zilizofunikwa na mafuta, au ovari pamoja na pembe mbili za mji wa mimba. Upasuaji wa ovari peke yake kwa kawaida huchukua muda mfupi zaidi, na dakika kumi za nusukaputi ni kitu kikubwa kwa mapafu mabovu. Lakini panya anayetokwa na damu au usaha nyuma anahitaji vyote viondolewe, na kwake huyo suala la kuchagua limekwisha. Kuahirisha kwa sababu ya kifua kunaweza kumuua kabla ya kifua chenyewe. Ipo pia njia ya kipandikizi cha deslorelini chini ya ngozi, kinachonyamazisha ovari kwa miezi kadhaa bila kupasua tumbo. Hiyo nayo kwa maana yake ni kuhasi, kuhasi kwa muda, ingawa ushahidi wa kwamba kinazuia uvimbe wa panya haujafikia ule wa upasuaji.

Nilimweleza binti wa dada yangu haya yote, akaenda kliniki na maswali mengine. Eksirei ilionyesha kwamba mmoja ana mapafu safi na chafya zake ni za puani. Yule mwingine alikuwa na weupe uliotanda pafu lote la kulia. Wa kwanza alitolewa ovari wiki tatu baadaye, na jioni ya siku hiyo alikuwa ameshika kipande cha tango kwa mikono miwili. Wa pili hakuhasiwa. Anapewa doksisaiklini, maranda yenye vumbi yameondolewa kizimbani na kuwekwa vipande vya karatasi vinavyobadilishwa kabla harufu ya mkojo haijapanda, na kila Jumapili anapapaswa kutoka shingoni hadi kinenani kutafuta uvimbe ungali mdogo kama punje ya choroko.

Ujumbe wake wa mwisho ulisema: "Mjomba, mmoja nimemfunga kizazi, mwingine nimemwacha." Nilimjibu kwamba nimefurahi kuwasikia wote wawili wazima, na kwamba yule wa kwanza amehasiwa.