Kadio na vyuma katika kupunguza mafuta mwilini: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu kupunguza mafuta inasema kwamba anayetaka kupungua akimbie tu, na vyuma awaachie wanaotaka kutunisha misuli. Ninaianza hiyo kwa sababu ndiyo inayowagharimu watu wengi zaidi, hasa wale wanaoamka alfajiri kwa miezi mingi, wakapungua kweli, kisha wakajikuta wamelegea na kuchoka kuliko walivyoanza.

Ni kweli kwamba mazoezi ya kadio, yaani yale yanayopandisha mapigo ya moyo kwa muda mrefu kama vile mchakamchaka, kutembea kwa kasi, kuendesha baiskeli na kuruka kamba, hutumia nishati nyingi kuliko kunyanyua vyuma kwa muda uleule, maana mnyanyuaji hupumzika sana kati ya seti (awamu ya kunyanyua mfululizo) moja na nyingine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2012, ulichambua takwimu za watu wazima 119 wenye uzito uliozidi baada ya mazoezi ya miezi minane, na ukaona kwamba waliofanya kadio walipoteza mafuta mengi kuliko waliofanya vyuma peke yake. Hata hivyo, waliofanya vyuma waliongeza misuli, na waliochanganya aina zote mbili walipungua mafuta karibu sawa na wa kadio huku wakiongeza misuli pia, ingawa iliwabidi kutoa muda takriban mara mbili.

Suala hili huwa zito zaidi pale mtu anapopunguza chakula, kwa kuwa mwili unaopewa chakula pungufu hauli akiba ya mafuta peke yake, bali hula na misuli. Mwaka 2017 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wazee 160 wenye unene uliokithiri, wote wakiwa na umri wa miaka 65 au zaidi, waliogawanywa katika makundi na kufuatiliwa kwa wiki 26. Makundi matatu yaliyofuata mpango wa kupunguza uzito pamoja na mazoezi yalipungua uzito kwa asilimia 9 kila moja, na mizani ya bafuni isingeonyesha tofauti yoyote kati yao. Tofauti ilikuwa ndani ya mwili: tishu zisizo mafuta, ambazo sehemu yake kubwa ni misuli, zilipungua kwa asilimia 5 kwa waliofanya kadio pekee, asilimia 3 kwa waliochanganya, na asilimia 2 kwa waliofanya vyuma pekee. Uwezo wa kufanya shughuli za kila siku uliongezeka zaidi kwa waliochanganya. Kwa mzee, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuinuka mwenyewe kwenye mkeka na kusubiri mkono wa mjukuu.

Upande wa pili nao una chumvi yake. Katika kumbi za mazoezi husemwa kwamba ukijenga misuli, itakuchomea mafuta hata ukiwa umelala, na kwa hiyo kadio haina kazi. Ukweli ni kwamba kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia kalori zipatazo 13 tu kwa siku, na kilo moja ya mafuta hutumia kama 4 au 5. Anayefanikiwa kuongeza kilo mbili za misuli, kazi inayochukua miezi, anapata nyongeza ya kalori 26 hivi kwa siku, kiasi ambacho tonge moja la ziada la andazi hukimaliza. Sababu za kunyanyua vyuma ni kulinda misuli wakati wa kupungua, kuimarisha mifupa na kupata nguvu, na hizo zinatosha bila kutiwa chumvi.

Wapo pia wanaohofia kwamba mbio zitafuta kila kilichojengwa na vyuma. Chanzo cha hofu hiyo kina msingi: mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson alionyesha kwamba watu waliofanya mazoezi mazito ya nguvu siku tano kwa wiki, pamoja na mbio na baiskeli siku sita, waliacha kuongezeka nguvu kuelekea mwisho wa wiki kumi. Lakini ratiba ya namna hiyo iko mbali sana na ya mtu anayekimbia mara tatu kwa wiki na kwenda kazini. Kwake inatosha kufanya mbio na vyuma katika siku tofauti, au kuanza na vyuma akiwa bado na nguvu.

Kuhusu kitambi, mazoezi ya tumbo hukaza misuli iliyo chini ya mafuta bila kuyaondoa mafuta ya mahali hapo. Wacheza tenisi, ambao hutumia zaidi mkono mmoja, waliopimwa katika utafiti wa mwaka 1971 walikuwa na mkono mmoja wenye misuli mikubwa kuliko mwingine, lakini unene wa mafuta chini ya ngozi ulikuwa uleule mikono yote miwili. Jasho nalo, ambalo wengi hudhani ni mafuta yanayotoka, ni maji, na kukimbia ukiwa umejifunga nailoni katika joto la Dar es Salaam au Mombasa ni hatari kwa moyo na figo. Wanawake wanaoogopa kwamba vyuma vitawafanya wafanane na wanaume wafahamu kwamba homoni inayokuza misuli ni kidogo mno mwilini mwao.

Mizani ya haki kati ya aina hizi mbili si lazima iwe nusu kwa nusu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za kadio ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu kwa misuli yote mikubwa angalau siku mbili. Vyuma vya makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, kama vinavyotumika mitaani kwetu, vinafaa kabisa, mradi mzigo uongezwe kidogo kidogo. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya magoti amwone daktari kwanza.

Chakula hakikwepeki: mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi nusu saa hutumia kalori 150 hivi, na soda moja ya mililita 300 hurudisha karibu zote. Apunguze wanga na sukari, lakini asipunguze maharage, dagaa na mayai, kwa kuwa bila protini vyuma havina cha kujengea. Na badala ya kupanda mizani kila asubuhi, achukue futi ya fundi cherehani apime kiuno usawa wa kitovu kila baada ya wiki mbili, kabla ya kula, na aandike pia uzito anaoweza kunyanyua. Kiuno kikipungua huku mzigo ukipanda, mpango unafanya kazi hata kama kilo hazijasogea.