Mwanasheria mkuu wa kampuni: linda tarehe, punguza yanayoingia mlangoni

Mlinzi anaposaini samansi ya mahakama getini, huenda siku zimeanza kuhesabiwa. Kwa shauri la kawaida la madai, kampuni ina siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Bahasha ikilala mapokezini, ikapelekwa idara ya fedha kwa sababu imetaja deni, kisha ikamfikia mwanasheria zikiwa zimebaki siku 9, usiku kadhaa wa kukesha umeshapangwa bila yeye kuulizwa.

Ninaamini kwamba uchovu mwingi wa wakuu wa idara za sheria hapa Dar es Salaam unatoka sehemu mbili: mambo yanayowafikia kwa kuchelewa, na mambo ambayo hayakupaswa kuwafikia kabisa. Wingi wa sheria ni wa tatu, tena kwa mbali. Mawili ya mwanzo yanarekebishika ndani ya miezi michache, bila kuajiri mtu.

Anza getini. Nunua muhuri wa "IMEPOKELEWA" wenye nafasi ya tarehe na saa. Wafundishe walinzi na wapokezi kutambua bahasha za aina tatu: za mahakama, za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) inayoshughulikia migogoro ya kazi, na za Mamlaka ya Mapato (TRA). Ikipokelewa mojawapo, inapigwa muhuri, inapigwa picha, na picha inatumwa kwenye simu ya idara ya sheria saa ileile. Somo hili huchukua nusu saa. Linaposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu kampuni ya ulinzi imebadilisha walinzi na wapya hawakuambiwa, kwa hiyo lirudie kila zamu inapobadilika.

Kisha tengeneza daftari la tarehe. Jedwali la kompyuta linatosha: nini kimepokelewa, lini, sheria inatoa siku ngapi, mwisho ni lini, na jina la mtu mmoja anayehusika. Andika jina la mtu. Ukiandika "idara", hakuna atakayejiona ameguswa. Kipengee kikubwa kuliko vyote ni tarehe ya mwisho ya ndani, siku 5 kabla ya ile ya kisheria. Siku hizo 5 huliwa na mambo madogo yanayojulikana: mkurugenzi wa kusaini kiapo yuko Mwanza, kumbukumbu namba ya malipo imechelewa kutoka, mfumo wa kuwasilisha kwa mtandao umekwama saa kumi jioni. Tahadhari ziende kwa watu wawili, kwa sababu mmoja akiugua, daftari lisiugue naye.

Zipo siku ambazo wengi huzisahau kwa kuwa hazitoki mahakamani. Dhamana iliyowekwa juu ya mali ya kampuni inasajiliwa kwa msajili wa kampuni, BRELA, ndani ya siku 42. Mkataba unaotozwa ushuru wa stempu ulipiwe ndani ya siku 30 tangu kusainiwa; usipolipiwa, siku utakapouhitaji kama ushahidi utakataliwa mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Kazi ya stempu mpe mhasibu, iwe sehemu ya utaratibu wa malipo ya kwanza ya mkataba. Haina sababu ya kukaa mezani kwako. Mkutano mkuu wa mwaka nao unataka notisi ya siku 21.

Kodi ndiyo inayoumiza zaidi. Makadirio ya TRA yakitoka, kampuni ina siku 30 za kuweka pingamizi, na pingamizi halipokelewi mpaka ulipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokibishia, chochote kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna Mkuu akubali kukupunguzia au kukusamehe amana hiyo kwa sababu za msingi. Kinachoharibika ni kilekile kila mwaka: idara ya fedha inaendelea kuzungumza na ofisa kwa simu na kwa barua pepe, mazungumzo yanakwenda vizuri, kila upande una adabu, na siku ya 30 inapita. Mazungumzo hayasimamishi siku. Kubalianeni na mkuu wa fedha, kwa maandishi, kwamba makadirio yanafika kwako siku yanapotoka hata kama yeye anaona yataisha kwa maelewano. Hiyo theluthi pia inahitaji fedha taslimu, na mkurugenzi wa fedha akiambiwa siku ya 26 atakuwa na haki ya kukasirika.

Sasa mlango, yaani kazi zinazokufikia bila sababu. Ujumbe wa "Wakili, naomba uangalie hii haraka" ukija WhatsApp mara kumi kwa siku, hakuna siku itakayobaki. Weka fomu fupi ya maswali matano: upande wa pili ni nani, tunanunua au tunauza nini, ni kiasi gani, bajeti imeidhinishwa na nani, na unahitaji lini na kwa nini siku hiyo. Swali la mwisho peke yake huondoa dharura nyingi za bandia. Ahidi siku na uzitimize: siku 2 za kazi kwa mkataba wa usiri, 5 kwa mkataba wa ugavi, 10 kwa pango kubwa au mkopo.

Kisha andika kisichokuja kwako. Manunuzi ya chini ya kiwango fulani, tuseme shilingi milioni 20 kwa kampuni ya kati, yatumie mkataba wa mfano bila kupita kwako, mradi hakuna neno lililobadilishwa. Neno likibadilishwa, unakuja. Bodi au mkurugenzi mtendaji aidhinishe waraka huo, maana bila sahihi yake meneja wa kwanza mwenye haraka ataupita. Mikataba yetu mingi imeandikwa kwa Kiingereza. Ambatisha ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye tarehe, malipo na jinsi ya kuvunja. Maswali kutoka ghalani na kwenye matawi yatapungua sana.

Kitu kimoja kisivuke bila wewe: kumwachisha mtu kazi. Sheria inamtaka mwajiri athibitishe kwamba sababu na utaratibu vilikuwa vya haki, na mfanyakazi apewe angalau saa 48 za kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu. Meneja anayemfukuza mtu Ijumaa jioni na kukuarifu Jumatatu amekupa shauri la CMA lililokwisha kuharibika.

Angalia pia kofia unazovikwa. Mwanasheria mkuu huwa katibu wa kampuni, mara anakuwa ofisa uzingatiaji (wa kuhakikisha kanuni zinafuatwa), na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Mei 2023, kofia ya ofisa wa ulinzi wa taarifa binafsi nayo hutua kichwani pake kimyakimya. Kila kofia iombewe barua ya uteuzi inayotaja kazi zake na saa inazokula kwa wiki, ndipo ujue ipi ya kurudisha. Kanuni za saa za kazi katika sheria ya ajira haziwahusu mameneja wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kwa hiyo usitegemee sheria ikuhesabie saa.

Kuna mzigo mwingine: kubeba uamuzi usio wako. Ushauri wa hatari uandike ukurasa mmoja: nini kinaweza kutokea, kitagharimu kiasi gani, njia mbili mbadala, na nani anaamua. Aliyetajwa asaini. Ukishauri jambo halali lenye hatari, akachagua hatari, umetimiza wajibu wako, lala. Likiwa haramu, hakuna cha kusaini.

Mahakamani, tarehe za kutajwa tu, ambazo shauri halisikilizwi, mwachie wakili wa nje au msaidizi. Asubuhi nzima ya kusubiri kwa dakika tano mbele ya hakimu au jaji ni ghali.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo kisheria. Chukua angalau 14 bila kukatiza, kati ya Desemba 15 na Januari 31 mahakama zinapokuwa mapumzikoni. Siku 30 za TRA hazipumziki, kwa hiyo mrithi wako wa muda awe na daftari la tarehe, nywila za mifumo na mamlaka ya maandishi ya kumwita wakili wa nje. Ukirudi, soma daftari hilo kabla ya barua pepe.