Kabla ya Kumuuliza Mwanafunzi Kama Anataka Upadre

Kila mwaka, ikikaribia Jumapili ya nne ya Pasaka, ambayo tangu mwaka 1964, kwa agizo la Papa Paulo VI, Kanisa huiadhimisha kuwa Siku ya Kuombea Miito Duniani, shule yetu hutembelewa na mapadre, mabruda na masista wa mashirika mbalimbali. Huja na vipeperushi vyenye picha, huimba na wanafunzi, husimulia maisha yao, na mwishoni mmoja wao huuliza ni nani anayetaka kuwa padre na ni nani anayetaka kuwa sista. Mikono huinuliwa kwa wingi, hasa ya kidato cha kwanza na cha pili, wageni huandika majina na kuondoka wakiwa na furaha. Mimi ninafundisha Elimu ya Dini ya Kikristo na kulea kikundi cha miito katika shule ya sekondari ya bweni ndani ya Jimbo Kuu la Tororo, si mbali na mpaka wa Uganda na Kenya, na ndiye ninayebaki na vijana hao majuma yanayofuata. Nimejifunza kwamba mkono ulioinuliwa siku ile hauniambii mengi. Mwingine amependa kanzu nyeupe, mwingine amevutiwa na gitaa la bruda, mwingine amesikia kwamba shirika fulani huwasaidia vijana wake kulipa karo. Sividharau vivutio hivyo, kwa sababu Mungu anaweza kuanzia popote, lakini swali lenyewe limeulizwa mapema mno. Kuna mambo ambayo kijana anapaswa kuyajua kwanza.

Mimi huanza na sura ya tatu ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli, ambapo Mungu anamwita kijana Samweli usiku, naye anadhani ameitwa na kuhani Eli. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, lakini katika kikundi cha jioni tunasoma na kuzungumza kwa Kiswahili, kwa kuwa tuna Wajopadhola, Waiteso, Wasamia, Wasoga na watoto waliovuka mpaka wa Busia na Malaba, na Kiswahili hakimpendelei yeyote kati yao. Tena lugha hii inanisaidia kufundisha. Wito unatokana na kuita, na kuita kuna mwenzake ambaye ni kuitika. Mtoto yeyote aliyelelewa vizuri anajua kwamba akiitwa jina lake na akanyamaza, amekosa adabu. Samweli anaitika upesi, mara tatu, “Mimi hapa,” na mara zote tatu anamkimbilia mtu ambaye hakumwita. Miaka michache iliyopita kijana wa kidato cha tatu alisema jambo ambalo tangu hapo nimelifanya kuwa msingi wa muhula mzima: “Mwalimu, Samweli hakukosa utii. Alikosa kuitambua sauti.”

Basi tunakaa hapo. Ninawaomba wataje sauti zote zinazowaita kwa wakati huu, na ubao hujaa kabla chaki haijaisha: mama, mjomba anayelipa karo, marafiki wa bwenini, simu, umaskini wa nyumbani, hofu ya mtihani, padre wanayempenda, msichana au mvulana wanayempenda. Hatuzifuti sauti hizo kana kwamba zote ni za adui, kwa maana Mungu huweza kupitia kwa mama na hata kwa mjomba, ila tunajifunza kuuliza kila moja inanipeleka wapi, na nikiifuata moyo wangu unabaki katika hali gani baada ya siku kadhaa. Huko ndiko kupambanua, na Papa Fransisko aliwaandikia vijana juu yake kwa kirefu katika wosia wake wa mwaka 2019 uliofuata Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 2018 juu ya vijana, imani na upambanuzi wa miito. Halafu ninawaomba wamtazame Eli, mzee ambaye macho yake yamefifia na ambaye mpaka mara ya tatu ndipo anapofahamu kinachotokea. Anamwambia kijana arudi akalale, anamfundisha maneno ya kujibu, naye mwenyewe anabaki mahali pake. Hamfuati Samweli chumbani, wala hajibu kwa niaba yake.

Mimi niliwahi kumfuata mtu chumbani. Alikuwa mvulana wa kidato cha nne, kiongozi wa kwaya, mtulivu, mwenye alama nzuri katika somo langu. Nilianza kumwita “Fada” mbele ya wenzake, kwa upendo kabisa, na baada ya mwezi mmoja shule nzima ilimwita hivyo, hata wapishi. Alipomaliza mtihani wa UCE, ule wa mwisho wa kidato cha nne, nilimwandikia barua nzuri, akapokewa seminarini kwa kidato cha tano. Likizo ya mwaka uliofuata alinijia, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, akiikunja na kuikunjua kofia yake mikononi, na baada ya kimya kirefu akasema: “Mwalimu, sikujua ningewaambiaje ninyi nyote kwamba hapana.” Hakuwa na kosa lolote. Tangu siku ile hakuna mwanafunzi ninayemwita Fada wala Sista, na ninawakataza wenzao pia, kwa sababu jina la utani linalorudiwa kila siku ni namna ya kumfungia mtoto mlango.

Kanisa lenyewe lina ukali katika jambo hili kuliko walimu wengi tunavyodhani. Kanuni ya 219 ya Sheria ya Kanisa inasema kwamba waamini wote wana haki ya kutoshurutishwa katika kuchagua hali ya maisha, na kanuni ya 1026 inakataza kabisa kumlazimisha mtu, kwa njia yoyote ile na kwa sababu yoyote ile, kupokea daraja takatifu, yaani ushemasi, upadre au uaskofu. Ninaziandika namba hizo ubaoni, pamoja na umri unaotakiwa. Mtu hawezi kupokewa unovisi, yaani malezi ya mwanzo ya kitawa, kihalali kabla ya kutimiza miaka 17, hawezi kuweka nadhiri za muda kabla ya miaka 18, wala nadhiri za daima kabla ya miaka 21. Upadrisho hautolewi kabla ya kutimiza miaka 25, na masomo ya falsafa na teolojia huchukua si chini ya miaka 6. Mwanafunzi wa miaka 14 anapoona namba hizo, mabega yake hushuka. Anaelewa kwamba hakuna anayemdai jibu Ijumaa hii, na hapo ndipo anapoanza kuuliza maswali ya kweli.

Jambo la pili ambalo vijana wetu hulikosa ni kwamba wito wa kwanza ni ule wa ubatizo, na hili halihitaji mifano ya mbali kwa mtu anayeishi Uganda. Mashahidi 22 Wakatoliki, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 na kutangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wote walikuwa walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa. Hakuna padre hata mmoja kati yao. Mapadre wa kwanza wazalendo, Bazilio Lumu na Victor Mukasa, walipadrishwa Villa Maria mwaka 1913. Kati ya mashahidi hao, Noa Mawaggali alikuwa mfinyanzi. Andrea Kaggwa alikuwa mkuu wa wanamuziki wa Kabaka, mfalme wa Buganda, na alikuwa na mke. Karoli Lwanga, mlei, ndiye aliyembatiza Kizito kule Munyonyo mwezi Mei 1886, na Kizito alikuwa na miaka 14 hivi, umri wa wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Wanafunzi wanaotoka kaskazini hufurahi tunapofika kwa Wenyeheri Daudi Okelo na Jildo Irwa, vijana Waacholi waliokwenda kufundisha katekisimu Paimol na kuuawa huko Oktoba 1918, Jildo akiwa bado mtoto wa miaka isiyozidi 14. Ninapowaambia kwamba walikuwa makatekista, darasa hunyamaza, maana kwao katekista ni mzee mwenye baiskeli.

Kwa hiyo nawapeleka kwa huyo mzee mwenye baiskeli. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unadai kazi za mradi, nami nimeutumia mwanya huo: wakati wa likizo kila mwanafunzi anamhoji mtu mmoja anayeishi wito wake, iwe ni sista muuguzi, wanandoa waliokaa pamoja miaka mingi, mjane aliyelea watoto peke yake, au katekista. Msichana mmoja alileta kurasa nne juu ya katekista wa kigango chao. Alikuwa amehesabu viraka vya mpira wa ndani wa baiskeli yake, vikawa kumi na kimoja, na akaandika kwamba waumini humlipa mahindi wakati wa mavuno na miezi mingine humlipa shukrani. Chini kabisa aliandika: “Nilimuuliza kwa nini hajaacha. Alisema watoto wa komunyo ya kwanza bado hawajamaliza masomo.” Nimefundisha kwa miaka mingi na sijapata maelezo ya uaminifu yanayozidi hayo.

Nyumbani ndiko kwenye ugumu mkubwa zaidi. Mvulana akisema anataka upadre, babu huuliza nani ataendeleza jina la ukoo. Msichana akisema anataka utawa, shangazi na wajomba hukumbuka mahari. Walimu wengine huwalaumu wazee hao kana kwamba hawana imani, na nadhani tunakosea, kwa sababu katika familia maskini mahari ya binti ndiyo mara nyingi inayomwezesha kaka yake kuoa, na mtu anayeona ng'ombe hao wakitoweka ana haki ya kuzungumzwa naye kwa heshima. Mama mmoja aliniambia kwa Kiswahili cha mpakani, akinitazama usoni: “Mwalimu, mimi simkatalii Mungu. Mimi nauliza tu, huyu mtoto ameulizwa?” Nilimjibu kwamba hilo ndilo swali la Kanisa pia, na nikamkaribisha kwenye mkutano wa kikundi. Amekuja mara mbili.

Ndoa nayo ninaifundisha kwa uzito ule ule, na kwa vipindi vingi kuliko upadre na utawa vikijumlishwa, maana wengi wao wataoa na kuolewa. Wengi wanaamini kwamba harusi ya kanisani ni ya watu waliokwisha kutajirika, kwa sababu wamewaona wazazi wao wakiishi miaka 20 bila sakramenti wakingoja fedha za keki na magari. Ninawaambia wazi kwamba Kanisa linahitaji wawili walio huru, ridhaa yao, padre au shemasi, na mashahidi wawili. Ninawatajia pia Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, mume, baba na mwalimu, ambaye kila mwaka tarehe 1 Juni mahujaji kutoka Tanzania hukusanyika Namugongo, mahali pa hija ya mashahidi wa Uganda, kumwombea atangazwe mwenyeheri.

Kila kikao tunakianza kwa dakika tano za kimya kanisani. Muhula wa kwanza ni kikohozi na vicheko. Kufikia wa pili, mtu akichelewa na mlango ukalia, wenyewe hugeuka kumtazama. Baada ya kimya, anayetaka hutumbukiza karatasi isiyo na jina katika kopo la biskuti nililolitoboa juu. Mwaka jana nilitoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi ikawa ndogo kama punje ya hindi, imeandikwa: “Je, Mungu anaweza kumwita mtu ambaye wazazi wake hawakufunga ndoa?” Niliisoma kwa sauti, nikajibu polepole. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilihesabu hali hiyo kuwa kizuizi kwa mtu aliyetaka daraja takatifu; sheria ya sasa, ya mwaka 1983, haina kizuizi hicho. Kijana atatakiwa kuleta cheti cha ubatizo na cha kipaimara, ataulizwa juu ya afya, masomo na mwenendo wake, lakini hatalipishwa deni la wazazi wake. Hakuna aliyesema neno, na sikumtafuta aliyeandika.

Juma lililofuata wanafunzi wawili walinisubiri nje ya kanisa, wakaniuliza cheti cha ubatizo hutolewa wapi. Niliwaeleza kwamba hutolewa na parokia alikobatizwa mtu, kwa sababu jina lake limo katika daftari la huko, na kwamba humo humo, pembeni mwa jina hilo, huongezwa baadaye habari za kipaimara, za ndoa, za daraja takatifu au za nadhiri za daima. Mmoja alitaka kujua kama pembeni mwa jina lake bado ni patupu. Nilimwambia kwamba kipaimara chake kimekwisha kuandikwa.