Bajeti ya afya ya akili Mombasa: yasemwayo na yalivyo

"Wagonjwa wa akili ni kazi ya Mathari."

Hili ndilo jibu rahisi la kiongozi asiyetaka kusumbuliwa. Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, iko Nairobi, na kweli iko chini ya serikali ya kitaifa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, linalogawa kazi kati ya taifa na kaunti, liliziachia kaunti zahanati, vituo vya afya na hospitali zao, na tangu 2013 kaunti ndizo zinazoajiri wauguzi na kununua dawa. Kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz, ambako wagonjwa wa Pwani wamekuwa wakipelekwa miaka nenda miaka rudi, kiko hapa hapa Changamwe. Anayekutuma Nairobi anakuzungusha tu.

"Sheria si imeshapita?"

Imepita, ndiyo. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho, kaunti zikapewa wajibu wa kutibu maradhi haya katika vituo vyao na kutenga fedha za kazi hiyo. Sheria haikutaja kiasi, na hapo ndipo penye mwanya: idara inaweza kutenga kidogo mno na bado ikasema imetimiza. Shirika la Afya Duniani linasema serikali za dunia kwa wastani hutumia karibu asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa afya ya akili, kwa hivyo hata wa kuwaiga ni wachache.

"Tujengewe hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili."

Wanasiasa wanalipenda ombi hili, maana jengo lina utepe wa kukatwa. Katika vitabu vya kaunti jengo huingia upande wa maendeleo. Dawa na mishahara ziko upande wa matumizi ya kawaida, na huko ndiko mgonjwa anakoumia. Mchukue mama wa Likoni mwenye kijana anayeugua skizofrenia, maradhi ya akili yanayoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Atavuka feri, apande matatu hadi Port Reitz, apange foleni, kisha dirishani aambiwe, "Hii hatuna mama, kanunue nje." Asipokuwa na pesa, sindano ya mwezi imerukwa. Wiki chache baadaye kijana hasikii tena la mtu, anasikia sauti zake tu, na majirani wanamrudisha hospitali wamemfunga kamba. Siku za kulazwa zitamgharimu kila mtu, kaunti ikiwemo, kuliko ile sindano iliyokosekana.

Dawa nyingi za maradhi haya ni za zamani na za bei nafuu. Muuguzi au tabibu wa zahanati akipata mafunzo anaweza kuwafuatilia wagonjwa wengi bila daktari bingwa kuwepo kila siku. Dawa ikifika Likoni, mama havuki feri. Mimi ningeuliza habari ya rafu ya dawa kwanza, jengo baadaye.

"Haya ni majini, si ya hospitali."

Familia inayompeleka mtu wao kwa shehe asomewe haina kosa, na kisomo hakizuii sindano. Ila shehe yuko mtaani na mlango wake uko wazi usiku, ilhali zahanati haina dawa. Hiyo ni hoja ya bajeti pia.

"Aliyejaribu kujiua apelekwe polisi."

Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Apelekwe hospitali.

"Vikao vya maoni ya umma ni usanii mtupu."

Vingine ni usanii kweli: tangazo latoka leo, kikao kesho kutwa, soda zikinyweka watu wanatawanyika. Lakini mara nyingi sisi wenyewe tunachelewa. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 na mwaka wa fedha huanza Julai 1, basi watu wanajitokeza Mei au Juni. Kufikia hapo keki imeshakatwa. Kiwango cha juu cha kila idara kinapangwa katika waraka wa mkakati wa fedha, ambao lazima ufike bunge la kaunti kufikia Februari 28. Anayetaka fungu liongezwe aanze Januari, kabla waraka haujafungwa, amtafute mwakilishi wa wadi yake na kamati ya afya.

Na asiende na "serikali itusaidie". Aandike kituo gani, dawa gani imekosekana, na miezi gani. Aombe afya ya akili iwe na fungu lake lenye jina, kwa sababu ikichanganywa na "dawa" kwa jumla hakuna atakayejua ilipata shilingi ngapi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuiandikia kaunti ombi. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki kwako. Mwakani wakisema hakuna aliyeomba, unawawekea mezani.