Pumu ya ukubwani: maswali kutoka Tanga

Maswali haya huulizwa na watu wazima wanaofika kliniki hapa Tanga mjini, wengi wao wakiwa wameshaambiwa na majirani kwamba pumu ni ugonjwa wa watoto.

Shikamoo daktari. Nina miaka 41, sijawahi kuugua kifua. Leo naambiwa nina pumu. Inawezekana?

Marahaba, inawezekana kabisa. Utotoni pumu huwapata zaidi wavulana, lakini ukubwani wanawake ndio wengi. Njia za hewa ndani ya mapafu huwa na uvimbe usioisha. Zikiguswa na moshi, vumbi au mafua, misuli yake hujikaza, makohozi huongezeka, na kifua kinaanza kulia kama filimbi, hasa usiku wa manane na alfajiri. Kisha kinatulia. Ndiyo maana mtu hakulala usiku kucha, akifika kwa daktari saa nne asubuhi anaambiwa kifua kiko safi. Usiondoke hivyo hivyo. Simulia usiku ulivyokuwa, uliza kama kipimo cha kupuliza, cha kupima nguvu ya pumzi, kinapatikana. Na kama umekohoa wiki mbili au zaidi, pima kifua kikuu kwanza.

Kwani tuko wangapi?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa nayo, wengi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa watu wazima jibu linategemea umeuliza nini. Utafiti wa 2002 na 2003 katika nchi 70 ulikuta asilimia 4.3 ndio waliowahi kuambiwa na daktari kwamba wana pumu. Lakini waliosema kifua chao kimelia ndani ya mwaka ule walikuwa asilimia 8.6, mara mbili yake. Si kila kifua kinacholia ni pumu, ila mimi pengo hilo linanisumbua kuliko takwimu zenyewe.

Nafanya kazi kiwanda cha mkonge, upande wa brashi. Kifua kinabana. Ni vumbi?

Nakuuliza na mimi: Jumapili unakuwaje? Ukiwa na nafuu siku za mapumziko au ukienda likizo kijijini, kisha Jumatatu jioni kifua kinarudi kule kule, kazi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Singa, yaani nyuzi za mkonge, zikipigwa brashi hutoa vumbi jepesi linaloelea. Utaliona kwenye nyusi za wenzako. Mkonge tunao tangu 1893, na watafiti wamewakuta wafanyakazi wa viwanda vyake nchini wakikohoa na kubanwa kifua. Si wao peke yao: fundi seremala, mwoka mikate anayepepeta unga, anayepulizia magari rangi, dada wa saluni, wote wamo. Inakadiriwa kuwa pumu ya ukubwani takriban 15 kati ya kila 100 inahusiana na kazi. Kitambaa ulichofunga puani hakizuii vumbi laini. Omba barakoa ya vumbi, na kama inawezekana uhamishwe sehemu. Ukiwahi kutoka, huenda ukapata nafuu kubwa. Ukikaa miaka, pumu hubaki hata ukiacha kazi.

Je, udi na ubani?

Hapa ndipo ninapogombana na mashangazi. Moshi wa udi ni moshi, hata ukinukia. Sisemi harusi ikose buhuri. Nasema chetezo kisifukizwe chumbani anapolala mwenye pumu, madirisha yamefungwa. Dawa ya mbu ya kuwasha na jiko la mkaa la ndani ni vivyo hivyo. Sigara ni mbaya kuliko vyote.

Inaambukiza?

Hapana. Ila hufuata damu: mzazi mwenye pumu, mafua ya mzio, au ule ukurutu tunaouita pumu ya ngozi, humwongezea mtoto uwezekano. Unene uliozidi nao huchangia.

Naogopa pampu ya kuvuta dawa, nitaizoea. Si bora vidonge?

Pampu haileti uraibu. Vidonge vya salbutamol vinavyouzwa dukani hupita mwili mzima, ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Ya kuvuta inakwenda mapafuni moja kwa moja, kwa dozi ndogo sana. Ila pampu ya bluu, yenye salbutamol hiyo hiyo, inafungua tu njia za hewa, haitibu uvimbe. Ukiitegemea peke yake kila siku, rudi kliniki upewe ya kutuliza uvimbe, ambayo hutumiwa hata siku ambazo huna shida.

Kama dawa inakuishia mdomoni, chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa tako lake kwa kipimo cha mdomo wa pampu, ichomeke pale. Puliza mara moja, vuta pumzi taratibu kupitia mdomo wa chupa, kisha rudia. Ukishindwa kumaliza sentensi, midomo ikabadilika rangi, au pampu haisaidii, kaa wima, endelea kupuliza, na watu wakukimbize hospitali hiyo hiyo saa.